Nimerudi nyumbani, na hivi ndivyo siku zilivyokuwa huko

Assalam alaykum watu wangu, na wengine wote habari zenu. Nimerudi. Wengi mshaniona maana nyumba haijakauka watu tangu nishuke, alhamdulillah, na kila anayeingia akishakaa vizuri lazima lile swali litoke, wengine wanalizunguka kidogo, wengine wanalitoa moja kwa moja, eti huko vitani kulikuwaje, umeua? Watoto wa dadangu wameniuliza, jirani ameniuliza, mjomba wangu ambaye namheshimu kama babangu ameniuliza mbele ya watu. Sikasiriki, najua ni mapenzi na wasiwasi wa miaka yote hiyo. Lakini nikijibu hapana naona kama wamevunjika moyo, kisha mazungumzo yanahamia kwingine, na ile miaka yangu yote inabaki haijasemwa. Ndio nikaona niandike hapa mara moja, wenye kusoma wasome.

Nilikuwa dereva. Dereva wa malori wa jeshi la Marekani, na kazi hiyo ndiyo iliyonipeleka Kuwait kisha Korea Kusini. Sikuwahi kumpiga mtu risasi na sikuwahi kupigwa risasi. Bunduki yangu ilikuwa yafungiwa ghalani, chumba kina kufuli na mlinzi na daftari, unaitoa siku ya shabaha au siku ya kwenda porini, ukirudi unaisafisha mpaka aridhike yule wa ghala, ukimpelekea ina kadoa ka masizi anakurudisha, unarudi tena. Siku za kawaida, yaani siku nyingi sana, nilichoshika mkononi ni spana, tochi na kitambaa cha oili.

Kwanza niweke hili sawa kwa sababu kuna vijana wanaliwa pesa. Jeshi la Marekani halimuandikishi Mkenya akiwa hapa nyumbani. Hakuna ajenti, hakuna ofisi, hakuna fomu ya kulipia. Lazima uwe unaishi kule na una green card, yaani kibali cha kuishi kule moja kwa moja, mimi niliipata kwa ile bahati nasibu ya viza, nikafanya kazi ya bohari kwanza ndio nikaenda kuandikishwa. Kuna mtihani unaitwa ASVAB, jeshi la nchi kavu linataka angalau 31 kwenye ile alama kuu, lakini ukipata ndogo kazi zinazofunguka ni chache, na kama bado hujawa raia kazi zote za siri za serikali zimefungwa kwako hata ukiwa na akili namna gani. Ndio maana ukikutana na Waafrika kule wengi utawakuta jikoni, bohari, au kwenye malori kama mimi. Uraia unakuja njiani, unaapa, na katiba yetu ya 2010 haikunyang'anyi Ukenya wako kwa kuapa huko. Mamangu hilo lilimtia hofu sana, mpaka alipoona nimeingia na pasipoti zote mbili.

Mafunzo sitayaongea sana, kila mtu anaweza kuyaona kwa video. Missouri, Fort Leonard Wood, unafokewa, unakimbia, unajifunza kulala dakika kumi umesimama. Udereva nikafundishwa hapo hapo. Mimi nilidhani najua kuendesha gari, kumbe kule kuendesha ni sehemu ndogo ya kazi.

Kuwait nayo nitaipitia haraka. Ni joto. Kile kituo chao cha hali ya hewa cha Mitribah kiliwahi kupima nyuzi 53.9 Julai 2016, na Camp Arifjan tulipokuwa hakukuwa na nafuu ya maana. Kuna bendera zinapandishwa kulingana na joto, ikipanda nyeusi mazoezi magumu yanasimamishwa, lakini kontena bandarini haingoji bendera kwa hivyo tuliendesha usiku. Kutoka bandari ya Shuaiba mpaka kambini, kupakia, kufunga minyororo, kukagua minyororo, kuendesha, kushusha, kurudi. Miezi. Mchanga unaingia kwenye meno. Familia hapa ilikuwa ikisoma dua usiku wakidhani niko mstari wa mbele na mimi nimekaa ndani ya lori nangoja kreni.

Korea ndiko nilikokaa nikakujua. Camp Humphreys, pale Pyeongtaek, kama kilomita 65 kusini ya Seoul. Ndiyo kambi kubwa kuliko zote za Marekani nje ya nchi yao, iligharimu karibu dola bilioni 11 na sehemu kubwa imelipwa na Wakorea wenyewe. Ndani kuna shule, hospitali, maduka, barabara zina taa, ukizubaa unasahau uko nchi gani. Lakini ile vita ya 1950 mpaka 1953 haikuwahi kuisha kwa mkataba wa amani, walisimamisha mapigano tu Julai 27, 1953, na tangu hapo kuna ule ukanda wa mpaka, upana wake kilomita nne hivi, umekata nchi kutoka bahari mpaka bahari. Kwa hivyo kila unachofanya pale, hata kufagia gereji, unaambiwa ni kwa ajili ya usiku ambao simu italia. Kauli yao ni hiyo, kuwa tayari kupigana usiku wa leo. Na usiku wa leo unapita, unakuja mwingine, unapita, na wewe uko tayari. Kuishi hivyo mwaka mzima kuna uchovu wake ambao kupumzika wikendi hakuuondoi.

Sasa siku yenyewe. Saa kumi na moja niko macho. Swala, maji usoni, nguo za mazoezi. Saa kumi na mbili unusu bendera inapandishwa na tarumbeta inalia kwenye vipaza sauti vya kambi nzima, popote ulipo nje unasimama, kisha mazoezi mpaka jasho likutoke hata kama kuna theluji. Kuoga, mesi, na saa tatu tuko kwenye uwanja wa malori. Hapo ndipo nilipoishi maisha yangu ya ujana, uwanja wa malori.

Kila lori lina kitabu chake na kila ukaguzi una hatua zake zimeandikwa, huruhusiwi kufanya kwa kichwa hata kama umeifanya mara elfu. Unazunguka lori, tairi, nati, taa, mabomba ya breki. Unaingia chini unaangalia kama kuna kitu kinadondoka, na kama kinadondoka kuna madaraja, unyevu tu ni daraja la kwanza, tone limejiunda lakini halijaanguka ni la pili, tone linaanguka ni la tatu na hapo lori haliendi popote. Chini ya injini lazima uweke sinia la kukingia oili isiguse ardhi, na magurudumu uyawekee vizuizi. Kila kasoro inaandikwa kwenye fomu, spea inaagizwa, unangoja spea. Unangoja sana. Halafu ndani ya ule uwanja hakuna anayesogeza gari peke yake, lazima mtu atembee mbele kwa miguu anakuongoza kwa mikono, na ukirudi nyuma wawe wawili, na wewe dereva ukimpoteza machoni sekunde moja tu unasimama. Mwanzoni niliona kama mchezo. Kisha sajini wetu mmoja, mama mtu mzima, mpole, alituita tukakaa chini akatueleza jinsi kijana wa kikosi chake cha zamani alivyobanwa kati ya malori mawili kwa sababu mtu alikuwa na haraka ya kwenda kula. Alitueleza kila kitu, mpaka simu aliyompigia mamake. Baada ya siku ile sikuona tena mchezo, na mpaka leo nikisimama mbele ya gari linalotembea macho yangu yanamtafuta dereva kwanza.

Mtu akisikia haya anasema aa, kumbe kazi ya makanika. Sawa. Lakini hebu fikiria ni kijana wa miaka ishirini na kidogo, ameambiwa lori hili likifa njiani siku mbaya ikifika basi waliobebwa nyuma wameisha, na anatia sahihi jina lake kuwa amelikagua. Mimi nilitia sahihi kila wiki. Nilijivunia ile sahihi na bado najivunia.

Porini tulikuwa tukienda kaskazini, uwanja wa shabaha unaitwa Rodriguez, uko upande wa Pocheon karibu na mpaka. Januari. Watu wa pwani baridi hatuijui, wallahi hatuijui, tunaita baridi ule upepo wa kusi mwezi wa saba. Kule maji ya chupa yanaganda ndani ya lori. Ukigusa chuma bila glavu ngozi inabaki. Tulilala kwenye hema moja kubwa lenye hita katikati, na usiku kucha lazima mmoja awe macho anaitazama ile hita isiwake moto hema, mnapokezana kwa saa, na zamu mbaya ni ile ya katikati ya usiku kwa sababu unaamka, unakaa, ukirudi kulala mfuko ushapoa. Chakula ni pakiti, unatia maji kidogo kwenye kile kifuko cha dawa kinachemka chenyewe bila moto. Kuna pakiti za halali lakini uziombe mapema, na kama hazikufika nilikula ile ya mboga nikashukuru.

Aliyekuwa akilala kitanda cha pili yangu alikuwa Mkorea. Wako wanajeshi wa Korea wanaitwa KATUSA, wamewekwa ndani ya vikosi vya Marekani tangu ile vita. Kule mwanaume lazima atumikie jeshi, nchi kavu ni miezi 18, na hawa KATUSA wanatakiwa kwanza wawe na alama nzuri za Kiingereza kisha majina yanapigwa kura. Kijana mpole, alikuwa anasomea uhandisi, chuo akakiacha katikati akaja kutumikia. Alikuwa na kalenda kwenye simu inamhesabia siku zilizobaki. Wikendi akipewa ruhusa anapanda treni na saa mbili baadaye yuko kwa mamake, Jumapili jioni anarudi na vyakula vya kwao kwenye vibakuli na kila mara alileta na cha kwangu, alishauliza nini kina nguruwe nini hakina, sikumwambia mimi, alijiuliza mwenyewe kwa wenzangu. Nilimpenda kama ndugu. Na ndani ya moyo kulikuwa na kitu kingine pia kila Ijumaa akifunga begi lake, kwa sababu kwetu hakuna treni ya kunipeleka.

Kitu kimoja kilinisaidia sana na nilikigundua wiki ya kwanza. Korea iko mbele yetu kwa masaa sita kamili. Maana yake saa ya ukutani kule ikionyesha 1 mchana, huku nyumbani ni saa moja asubuhi. Ikionyesha 4, nyumbani ni saa nne. Saa ya Korea inasomeka kwa Kiswahili bila kutoa wala kujumlisha! Nikiwa chini ya lori natupa jicho mkononi, naona 7, najua nyumbani ni saa saba, adhana ishatoka, watoto wako njiani kutoka madrasa. Naona 12 usiku, jua linazama kwetu. Niliishi na saa mbili kwenye mkono mmoja na hakuna mwenzangu Mmarekani aliyejua.

Ramadhani kule ni ya kujikaza. Mazoezi ya alfajiri hayasimami, ila sajini aliniruhusu nifanye yangu jioni kabla ya magharibi, na nikawa nafuturu tende mfukoni nikiwa kwenye lindo. Siku nikipata ruhusa nilipanda reli ya mstari wa kwanza kutoka Pyeongtaek mpaka Seoul, nikabadilisha, nikashuka Itaewon, pale kwenye kilima kuna msikiti mkuu wa Seoul, umefunguliwa 1976. Unapanda ngazi, pumzi zinakata, unasikia adhana katikati ya mji ule. Siku moja ya futari nikasikia nyuma yangu mtu anamwambia mwenzake "sogea kidogo bwana", nikageuka kama mtu aliyeitwa jina. Alikuwa Mtanzania, mwanafunzi. Tulikaa mpaka wakafunga lango. Sikumbuki hata tuliongea nini, nakumbuka tu koo lilivyolegea kwa kuongea Kiswahili usiku mzima bila kujitafsiria.

Vituo viwili kutoka hapo kuna Samgakji, na pale kuna jumba la kumbukumbu la vita vya Korea. Nilienda kwa sababu nilikuwa na muda. Kwenye veranda ndefu wameandika majina ya wanajeshi wa kigeni waliokufa, nchi kwa nchi, na ghafla nikawa mbele ya Waethiopia. Haile Selassie alituma kikosi cha Kagnew 1951. Watu wa Afrika Mashariki kama sisi, wamevuka bahari kwa meli, wameingia kwenye ile baridi niliyoijua mimi na mahema ya zamani, na zaidi ya mia moja hawakurudi. Shuleni sikufundishwa hili. Nilisoma majina yote moja moja kwa sauti ndogo. Mlinzi alinipita mara mbili hakuniambia kitu.

Bibi yangu alifariki nikiwa Korea. Wengi wenu mlikuwepo kumzika na nawashukuru, sijawahi kupata nafasi ya kuwashukuru vizuri. Jeshini kuna utaratibu, familia inapiga simu Red Cross, wanathibitisha, taarifa inamfikia kamanda na mtu anapewa ruhusa ya dharura. Kwa mzazi, ndugu wa tumbo moja, mke, mtoto. Bibi hayumo, isipokuwa uthibitishe ndiye aliyekulea badala ya mzazi. Bibi alinilea lakini na mamangu alinilea, sisi hatukuwa tunagawa. Lakini hata wangenipa ndege dakika ile nisingewahi, maana kwetu maiti hailazwi, alfajiri amefariki na baada ya alasiri amezikwa. Dadangu alinitumia sauti usiku, mambo yashaisha, anasema ameondoka saa kumi na moja, alikuwa anaswali. Nikaikumbuka saa ile. Saa yangu ilikuwa inaonyesha 11, nilikuwa nimelala chali chini ya lori napaka grisi na redio ya gereji ilikuwa inaimba. Niliendelea kupaka. Sikuhisi chochote, na hilo ndilo lililoniuma kwa muda mrefu, kwamba mtu kama yule anaondoka na mwili wako haukuambii.

Nilimswalia ghaibu nyuma ya mabweni, peke yangu. Kijana wangu wa KATUSA alinifuata akasimama mbali kidogo mpaka nikamaliza, kisha tukarudi ndani. Kesho yake saa tatu tulikuwa uwanja wa malori.

Kurudi sasa. Watu wanasema utapata shida na kelele, mimi shida yangu ni kinyume, ni kwamba hakuna anayenihitaji saa tisa usiku. Naamka mwenyewe, nakaa kitandani, hakuna zamu. Mamangu amenisikia, siku ya tatu akaanza kuamka na yeye, anakuja kukaa mlangoni haongei. Siku nyingine tunakaa hivyo mpaka adhana. Naogopa namchosha lakini yeye anasema mwacheni, nilikuwa naamka saa hizi miaka yote yeye akiwa hayupo.

Juzi mjomba alikuja na lori lake la mchanga, akaniambia twende. Kabla sijapanda nikajikuta nishalizunguka, nishapiga magoti, nishaangalia chini, kuna oili inadondoka kwenye difu, tone linaanguka kabisa. Nikamwambia mjomba hili haliendi leo. Akacheka, akasema linadondoka hivyo tangu mwaka juzi. Nikamuomba, kwa heshima, anipe siku moja. Alinitazama muda, sijui aliona nini usoni mwangu, akazima injini akanipa funguo. Tumeshinda chini ya lile lori mimi na yeye, tukatoa sili ya zamani iliyokatika, tukatia mpya, tukaosha kila kitu kwa dizeli. Na ndipo akaniuliza kwa mara ya kwanza, huko ulikuwa ukifanya hivi kila siku? Nikamwambia ndiyo mjomba, kila siku. Nikamueleza madaraja ya matone, nikamueleza sajini yule na kijana aliyebanwa, nikamueleza baridi. Alisikiliza kila kitu. Hakuuliza tena habari ya kuua.

Mpwa wangu mkubwa amepata green card kupitia babake na anataka kuingia, na dadangu aliniomba niongee naye nikidhani anataka nimkataze. Sikumkataza. Nilimwambia kandarasi ni miaka minane hata kama atavaa magwanda miaka mitatu au minne tu, iliyobaki jina lake liko kwenye orodha na wanaweza kumuita. Nilimwambia kazi achague kabla ya kutia sahihi na isipoandikwa kwenye karatasi haipo. Nilimwambia atakosa mazishi. Nilimwambia faida pia, masomo wanalipia miezi 36, mshahara unaingia tarehe 1 na 15, na atakutana na watu ambao hajui kama wapo duniani. Akaniuliza kama nitarudia ningeambiwa nianze upya. Nikamjibu ndiyo. Anaanza kusoma hesabu za ASVAB na mimi wiki ijayo baada ya isha, na dadangu amesema ataka akae pale asikilize.